Mkweche wa Mumeo: Uuze au Uufufue?

Tuzungumze yale yanayotokea ndani ya nyumba zetu ambayo wengi tunayafungia moyoni mpaka yanageuka kidonda.

Mwezi huu sizungumzii nyumba ndogo wala simu ya mume inayoita usiku wa manane. Mpinzani wa safari hii hajipodoi, havai kimini na wala hajui kutongoza. Ana magurudumu mawili, ananuka petroli na anatoa moshi wa buluu. Naam, ni pikipiki ya zamani!

Dada mmoja wa Masakta, wilayani Hanang, mkoa wa Manyara, ameniandikia akaomba jina lake lisitajwe. Yeye na mumewe wana miaka sita ya ndoa na watoto wawili, wanalima mahindi na maharage. Baba mkwe alikuwa bwana mifugo, na alipofariki aliacha Yamaha AG100 iliyokuwa imelala bandani chini ya turubai kwa miaka mingi. Tangu mavuno yaliyopita mume anashinda na hiyo pikipiki. Akitoka shambani anaingia bandani, chakula kinapoa, watoto wanalala hawajamwona. Hela ya magunia mawili ya maharage imeishia kwenye ringi, gasketi na nauli ya kufuata spea Babati na Arusha. Ikawaka. Ikatembea siku mbili, jirani wote wakashangilia. Siku ya tatu ikanata katikati ya njia, jamaa akaisukuma mpaka nyumbani huku watoto wa kijiji wakimfuata nyuma.

Sasa michango ya shule haijalipwa, mume anataka kuuza mbuzi anunue pistoni, na dada yetu ameshapata mtu wa chuma chakavu. Anauliza: aiuze siku mumewe akienda mnadani, halafu liwalo na liwe?

Hapana, usiiuze

Dada yangu, pole sana. Uchovu wako nauelewa. Lakini hilo la kuuza kimyakimya lifute kichwani, kwa sababu tatu.

Kwanza, pikipiki si yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ambayo mume au mke anayo. Tena huenda si ya mumeo peke yake. Ni mali ya marehemu. Kama ukoo haujakaa kikao na mahakama ya mwanzo haijateua msimamizi wa mirathi, basi shemeji na wifi zako nao wana sauti hapo. Ukiiuza leo, kesho hutakuwa unagombana na mume tu, utakuwa na ukoo mzima mlangoni.

Pili, chuma chakavu hupimwa kwa kilo, na hiyo ni pikipiki nyepesi. Hela utakayopewa haitarudisha hata yale magunia mawili.

Tatu, siku atakaporudi na kukuta banda tupu, ataanza kujiuliza ni kitu gani kingine unaweza kukiuza akigeuka nyuma. Swali hilo likishaingia ndani ya nyumba halitoki haraka.

Lakini na wewe una haki zako, na nataka mumeo asome hapa. Hela ya maharage mliyopalilia wote wawili si ya mtu mmoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Sembuse jembe! Kwa hiyo ugomvi wenu hauhusu kama pikipiki ni nzuri au mbaya. Unahusu nani aliamua, na kwa hela ya nani.

Kwa nini anaipenda ile mbaya?

Wanawake wenzangu, kabla hujamwita mumeo mwehu, jiulize anaona nini pale bandani.

Waulize wazee wa Hanang na Mbulu. Miaka ya 1970 na 1980, wakati mashamba makubwa ya ngano yaliyosaidiwa na Kanada yalipokuwa yanapanuka huko Basotu, pikipiki haikuwa kitu cha kila kijana kama leo. Mwenye pikipiki alikuwa bwana shamba, bwana mifugo, padri, mchungaji au mganga wa zahanati. Ikisikika ikija, watu walijua ng'ombe watachanjwa au mgonjwa atapata msaada. Mtoto wa mtu huyo alitambua mlio wa baba yake kabla hajaiona taa. Sasa baba hayupo, na mlio ule umefungwa ndani ya injini iliyonata. Unadhani mumeo anafufua pikipiki tu?

Na yenyewe si kimeo cha hivi hivi. Herufi AG zimetokana na neno la kilimo kwa Kiingereza. Yamaha waliitengeneza miaka ya 1970 kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand. Ndiyo maana ina keria mbele na nyuma, cheni yake imefunikwa isile matope, ina stendi pande zote mbili ili isimame hata kwenye mteremko, na mikono ya usukani ina vyuma vya kinga. Injini ni silinda moja ya sisi 97, inapozwa na upepo. Ndugu zake wa rika lile ni Yamaha DT125, Suzuki A100 na TF125, na kule mijini na Zanzibar kuna Vespa. Wote ni wa ukoo mmoja: injini za mipigo miwili.

Ukoo huo una historia tamu. Mwaka 1939 kampuni ya DKW ya Ujerumani ilitoa pikipiki ndogo iliyoitwa RT125. Baada ya vita kuu ya pili, michoro yake ikawa kama ngawira. Waingereza wakatoa BSA Bantam, Wamarekani wa Harley-Davidson wakatoa ya kwao, Warusi nao hawakubaki nyuma. Na mwaka 1955 Wajapani waliokuwa wakitengeneza vinanda wakatoa pikipiki yao ya kwanza kwa mfano huohuo, YA-1, nyekundu, wakaipa jina la utani la kereng'ende mwekundu. Hao ndio Yamaha. Kwa hiyo mjomba wa mbali wa mkweche wa Masakta ni Mjerumani.

Kisa kingine kinachotugusa moja kwa moja: mwaka 1988 mwandishi wa habari Mwingereza Barry Coleman na mwanamichezo wa mbio za pikipiki kutoka Marekani, Randy Mamola, walikwenda Somalia. Wakakuta pikipiki za wahudumu wa afya zimetelekezwa, na nyingi hazikuwa nzee. Zilikosa matunzo madogo tu, ya oili, cheni na nati. Kutokana na hilo ikazaliwa taasisi ya Riders for Health, iliyojenga kazi yake yote juu ya wazo moja: anayeendesha afundishwe kutunza kila siku, asisubiri iharibike. Ukiniuliza mimi, hata ndoa ziko hivyohivyo, ila hilo tutalirudia mwezi mwingine.

Dada, ijue injini yenyewe

Nakueleza haya ili fundi asije akakudanganya na mumeo asikuone wa kuja.

Fikiria kinu na mchi. Pistoni ni mchi, silinda ni kinu. Boda boda za siku hizi, akina Boxer na TVS, mchi hupanda na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja. Hii ya baba mkwe, kila mchi ukipanda na kushuka mara moja, moto umewaka. Haina valvu juu wala kemshafti. Petroli na hewa huingia kwanza chini, kwenye chumba cha kranki, kisha husukumwa juu kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa silinda, ambayo pistoni yenyewe huyafunua na kuyafunika. Ndiyo sababu ni nyepesi, ina vitu vichache, na fundi mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuifumua akiwa amekaa kwenye kigoda.

Lakini kuna jambo moja kubwa. Kwa kuwa petroli hupita kwenye chumba cha kranki, hapo hapawezi kukaa oili kama kwenye boda boda. Oili lazima ije pamoja na petroli, ilainishe, kisha iungue itoke kama moshi wa buluu. Petroli tupu ikiingia, injini inakauka, pistoni inavimba kwa joto na kung'ang'ania silinda. Huko ndiko kunata. Oili ya gia ni nyingine, ina chumba chake, na haisaidii hapo hata kidogo.

Kwa nini ilinata siku ya tatu?

Ukisoma barua ya dada yetu utaona kwamba hela ilianza kutumika upande usio wake. Walianza na ringi. Wengi hufanya hivyo, kwa sababu ringi unaziona na zinauzwa kila duka la spea. Ila ringi mpya hazitibu kilichoiua pikipiki. Vitu vya kuangalia ni hivi vinne.

*Oili inafika?* Tangu mwaka 1964 Yamaha waliweka pampu ndogo inayovuta oili kutoka tangi lake na kuipeleka kwenye injini yenyewe, dereva asihangaike kuchanganya. AG100 ina pampu hiyo. Lakini ikisimama miaka mingi mpira wa oili hukauka, na ukifunguliwa upepo huingia ndani. Upepo usipotolewa, pampu inazunguka bure. Pia wako mafundi wanaoing'oa pampu kabisa halafu wanasahau kumwambia mwenye mali. Muulizeni fundi swali moja: pampu ipo na inafanya kazi, au inabidi tuchanganye? Kama ni kuchanganya, fuateni kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo. Mkiambiwa moja kwa ishirini na tano, ni mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, kwa hiyo lita 5 zinataka mililita 200. Mkiambiwa moja kwa hamsini, ni mililita 20 kwa lita. Kikombe cha plastiki cha dawa ya kikohozi kinapima vizuri sana, ila kikishaingia bandani kisirudi kwa mtoto. Na iwe oili ya mipigo miwili, ile ya 2T. Oili ya gari haiungui vizuri, inaacha masizi na kuchafua plagi.

*Kuna upepo unaoingia kwa wizi?* Hapa ndipo ninaposhuku zaidi. Ncha mbili za kranki zina sili za mpira. Pikipiki ikilala miaka, sili hukakamaa kama ngozi ya ngoma. Ikiwashwa, hewa inaingia pembeni, mchanganyiko unakuwa na petroli chache na oili chache, joto linapanda, pistoni inanata. Dalili yake ni injini kupiga kelele juu na kutotulia hata ukiachia mafuta. Sili ya upande wa klachi ikiharibika, dalili ni tofauti: moshi mweupe mzito, na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Sili ni mipira midogo ya bei nafuu ukilinganisha na pistoni. Zibadilishwe kwanza, ringi baadaye.

*Kabureta ni safi?* Petroli iliyolala hugeuka gundi na kuziba jeti. Ifunguliwe, ioshwe kwa petroli safi, ipulizwe kwa pampu. Msichokonoe jeti kwa waya au sindano, tundu likipanuka ndiyo basi tena. Tangi nalo likiwa na kutu, litieni siki na nati chache za chuma, mtikise, msuuze na kulikausha, la sivyo kutu itashuka kabureta kila wiki.

*Ekzosi inapumua?* Oili inayoungua huacha kaboni. Miaka ikipita bomba linaziba, pikipiki inakuwa na mlio mzuri lakini mlimani inaomba kusukumwa. Kaboni ikwanguliwe kwenye tundu la moshi na kwenye kichwa cha pistoni, kwa kijiti kigumu na si bisibisi, maana pistoni ni ya aluminiamu na inachubuka.

Na kwa watu wa Masakta kuna la nyongeza. Maeneo mengi ya Hanang yako juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Pikipiki iliyokuwa sawasawa kule Tanga, huku inaweza kulemewa na petroli. Plagi ndiyo kioo chenu. Ikitoka na rangi ya kahawia, hongereni. Ikiwa nyeusi na imelowa, petroli au oili imezidi. Ikiwa nyeupe kama chaki, zimeni mara moja, kuna joto na kunata kunakuja.

Imekufa au imelala?

Kabla ya mbuzi kuuzwa, fanyeni uchunguzi huu. Hauna gharama zaidi ya soda ya fundi.

Mkiondoa silinda, fundi ashike mkono wa pistoni auvute moja kwa moja juu na chini. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Kukiwa na mchezo wa juu na chini, beringi ya kranki imekwisha, na hiyo ndiyo kazi ghali kuliko zote. Kisha tazameni silinda. Mikwaruzo myepesi ya aluminiamu iliyobandika inaweza kusafishwa. Mifereji inayoshika ukucha inataka silinda ipanuliwe kwa mashine na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo huja kwa saizi: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 ya milimita. Saizi imechongwa juu ya pistoni ya zamani, isomeni. Kama tayari ni 1.00, mjue hapo hakuna pa kupanua tena, silinda itataka kuvikwa sliivu. Na msinunue pistoni kabla silinda haijapimwa.

Halafu angalieni nambari ya fremu na ya injini, mlinganishe na kadi. Kadi isipolingana, au ikiwa haipo, mnafufua kitu ambacho hamtaweza kukitembeza barabarani. Kadi ikiwa bado na jina la marehemu, msimamizi wa mirathi ndiye anayeanzisha safari ya kubadilisha umiliki TRA. Hilo lifanyike kabla pikipiki haijang'aa. Nawaambieni, chuma kikiwa kimelala bandani hakina mrithi, kikianza kulia barabarani warithi wanatokea mpaka wa Singida!

Baada ya uchunguzi gawanyeni kazi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vya kuifanya iwe salama: breki, matairi, nyaya za klachi na breki, taa, beringi za magurudumu. Fungu la pili ni vya kuifanya iwe hai: sili, gasketi, oili, kabureta, plagi, platini kwa zile zenye platini, na silinda kama inahitaji. Fungu la tatu ni urembo: rangi, kiti, stika, kung'arisha. Wanaume wengi huanza na la tatu kwa sababu linaonekana. Rangi isubiri.

Kaka, na wewe nisikilize

Shemeji yangu wa Masakta, kumpenda marehemu baba si kosa. Lakini baba yako alitumia pikipiki ile kuhudumia watu, hakuwaacha nyumbani bila ada. Pikipiki haili nyasi wala haifukuzwi shule. Inaweza kusubiri mwaka mwingine bandani. Mtoto wa darasa la pili hawezi kusubiri.

Kwa hiyo michango ya shule ilipwe kwanza, na mbuzi asiuzwe kwa ajili ya pistoni. Kaa na mkeo mkubaliane fungu la pikipiki baada ya kila mavuno, hata likiwa dogo, na liandikwe kwenye daftari. Likiisha, kazi inasimama mpaka msimu mwingine. Kubalianeni pia siku. Jumamosi mchana ni yako na spana zako, lakini jioni za katikati ya wiki kula na wanao. Usipofanya hivyo utafufua injini na kuzika ndoa.

Kama hela haipo kabisa, hakuna aibu kuihifadhi. Toa petroli yote kwenye tangi na kabureta. Mwaga kijiko cha oili ya 2T kupitia tundu la plagi, piga kiki polepole mara kadhaa isambae, rudisha plagi. Ioshe, ipandishe kwenye mbao matairi yasiguse chini, ifunike na kitu kinachopitisha hewa. Itakusubiri.

Na kuna mambo ya usalama ambayo hayana mjadala. Petroli isikae kwenye chupa ya maji au soda hata dakika moja, watoto hawajui tofauti, na isilale chumba kimoja na jiko au kibatari. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, moshi wake una sumu isiyonuka inayoua. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima wala josho. Ukitoka bandani nawa kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Siku ya kuingia barabarani uwe na leseni, na kofia ngumu ziwe mbili, yako na ya mama watoto.

Dada, ingia bandani

Najua utaguna. Lakini nakuomba ujaribu kitu kimoja kabla ya kumpa kauli ya "mimi au hiyo pikipiki". Jumamosi moja chukua kigoda na chupa ya chai, ingia bandani, ukae naye saa moja. Usilete mada ya hela siku hiyo. Mwulize baba yake alikuwa anaenda nayo wapi. Utashangaa mwanaume asiyeongea mezani atakavyoongea akiwa ameshika spana.

Kisha shika daftari. Fundi akiwa anafumua, wewe piga picha kwa simu kila hatua, na kila kundi la nati liingie kwenye kopo lake lenye jina. Kazi nyingi za pikipiki za zamani hazifi kwa kukosa ujuzi, zinafia kwenye mfuko mmoja wa nati zilizochanganyika. Mwanamke anayejua gunia lipi ni la mbegu na lipi ni la kula hawezi kushindwa na makopo kumi. Tena ukiwa na daftari wewe ndiye utakayejua ni lini fungu limekwisha, na hutahitaji kupiga kelele. Utafungua ukurasa tu.

Na kama baada ya uchunguzi mtaona kranki imekufa, silinda imefika mwisho na kadi haipo, basi kaeni wote wawili, na shemeji wawepo, mwamue kwa pamoja. Hata ikiuzwa, iuzwe kwa mtu anayetafuta spea za AG100, ambaye atalipa kwa kifaa kimojakimoja, na si kwa mtu wa mizani. Mwacheni mumeo abaki na kitu kimoja, hata kama ni kifuniko cha tangi au ile keria ya mbele. Mwanaume akishirikishwa kuaga, anaaga. Akinyang'anywa, anaomboleza miaka.

Dada yetu wa Masakta, nasubiri barua yako ya pili. Nataka kujua mambo mawili: sili za kranki zilikuwaje, na ada ililipwa lini. Na ninyi wasomaji wengine wenye Suzuki, Vespa au kimeo chochote kinachogawa kitanda chenu, niandikieni tuyaweke mezani.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa.